Kungoja Si Kupumzika: Saa za Dereva baina ya Nyeri na Pwani

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hiyo twaijua sote, nasi huitamka tunapochoshwa na foleni ya benki au ya hospitali. Juma hili tungependa kuwaalika wasomaji wetu waitazame kwa upande unaozungumzwa kwa nadra: upande wa dereva wa lori anayengoja kupakia, akangoja mizani, akangoja kupakua, kisha akaambiwa kwamba muda wote huo alikuwa amepumzika.

Jambo hili si la madereva peke yao. Nyumba nyingi za Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu zina baba, mume, kaka au mwana ambaye riziki yake iko kwenye usukani. Katika miji ya Mlima Kenya nako, Nyeri, Nanyuki, Meru na Embu, wako jamaa zetu waliokaa huko vizazi kwa vizazi, na miongoni mwao wamo wenye malori na wenye kuyaendesha. Chai, kahawa, viazi, kabichi, karoti na mchele wa Mwea huteremka kutoka huko kuja kwetu. Chumvi, saruji, mbolea na mafuta ya kupikia hupanda kutoka kwetu kwenda kwao. Baina ya pande hizi mbili yuko mtu mmoja nyuma ya usukani, naye amepewa saa 24 kwa siku kama sisi sote.

Swali letu ni jepesi kuuliza na zito kujibu: katika saa hizo 24, ni zipi zinazohesabiwa kuwa kazi, na ni nani anayeziandika?

Hesabu ya barabara

Tuanze na barabara yenyewe. Kutoka mji wa Nyeri hadi Nairobi, kwa njia ya Karatina, Sagana, Makutano, Kenol na Thika, ni kama kilomita 150. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Jumla ni kilomita 630 hivi. Lori la mizigo haliruhusiwi kupita mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na hata mwendo huo haudumu: kuna milima, matuta ya barabarani, miji, vizuizi vya polisi na ukarabati usiokwisha. Lori lililojaa likipata wastani wa kilomita 50 kwa saa, limekwenda vyema. Tukigawanya 630 kwa 50, tunapata zaidi ya saa 12 na nusu za usukani mtupu, bila kula, bila kusali na bila kusimama mahali popote.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, katika kifungu cha 66A, inamkataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha kwa zaidi ya jumla ya muda wa saa 8 katika kipindi chochote cha saa 24. Maana yake ni kwamba dereva mmoja hawezi kutoka Nyeri na kufika Mombasa katika safari moja isiyokatika bila ya kuivunja sheria. Safari hiyo yataka madereva wawili, au siku mbili. Kila anayeagiza mzigo anapaswa kulijua hili. Kila mwenye lori anapaswa kulijua. Na sisi tulio nyumbani, tunaopiga simu na kuuliza "utaingia leo?", tunapaswa kulijua pia.

Siku moja katika maandishi

Ili jambo lieleweke, tumepanga mfano wa siku moja. Ni hesabu tu, si kisa cha mtu fulani wala cha kiwanda fulani. Lakini yeyote aliyekaa na madereva ataitambua sura yake. Tumechagua chai, kwa kuwa Mombasa ndiko uliko mnada wa chai wa Afrika Mashariki, unaofanyika kila wiki, na viwanda vya vilima vya Nyeri, kama vile Chinga, Iriaini, Ragati na Gathuthi, viko katika kaunti inayoishi kwa zao hilo.

Dereva wetu anafika kazini saa 12 asubuhi. Kwa muda wa nusu saa anakagua tairi, mafuta, breki na turubai. Kuanzia saa 12 na nusu anakaa kwenye foleni ya kupakia. Hawezi kulala, kwa sababu kila lori la mbele likisogea naye husogea, na akichelewa nafasi huchukuliwa. Hawezi kwenda mjini, kwa sababu jina lake laweza kuitwa wakati wowote. Anaitwa saa 6 mchana. Upakiaji unachukua muda wa saa mbili, naye asimama pamoja na utingo wake, au taniboi kama tumwitavyo, wakihesabu magunia, kwa maana likipungua moja ni yeye atakayeulizwa.

Saa 8 mchana anaondoka. Anafika mizani ya Mlolongo, nje kidogo ya Nairobi, saa 11 na nusu jioni. Hiyo ni saa tatu na nusu ya usukani. Foleni ya mizani inamchukua saa nzima. Saa 12 na nusu jioni anaondoka tena, na saa 5 usiku yuko Mtito Andei, nusu ya njia ya kwenda Mombasa. Hapo ameongeza saa nne na nusu za usukani.

Tuhesabu. Usukani: saa 8 kamili, yaani sheria imefika ukingoni. Kazi nyingine za ukaguzi na upakiaji: saa mbili na nusu. Kungoja: saa sita na nusu. Jumla tangu alfajiri ni saa 17. Mapumziko ya kweli: hakuna hata dakika moja iliyoandikwa.

Mtu anayesoma karatasi ya safari ataona saa 8 za kuendesha na kusema kwamba dereva huyu amefanya kazi siku ya kawaida. Na tajiri mwenye haraka atampigia simu na kumwambia: "Si ulipumzika asubuhi nzima kiwandani? Malizia safari." Akikubali, ataingia Mombasa karibu saa 10 alfajiri, akiwa ameendesha kwa muda wa saa 13 badala ya 8, na akiwa kazini kwa saa 22. Hapo ndipo hatari ilipo: muda wa kungoja hugeuzwa kuwa usingizi ambao haukulalwa.

Tukiifuata sheria, dereva huyu alianza kuendesha saa 8 mchana, na saa zake 8 zimekwisha saa 5 usiku. Hana ruhusa ya kushika usukani tena kabla ya saa 8 mchana wa siku ya pili. Atakuwa amelala, amesali, amekula, na ataingia Mombasa kiasi cha saa 1 usiku. Hiyo ndiyo ahadi ya kweli ambayo mwenye mzigo angepaswa kupewa tangu mwanzo: si alfajiri ya kesho, bali baada ya magharibi.

Sheria inapima nini

Msomaji makini atakuwa ameona pengo. Sheria ya Trafiki inapima kuendesha. Neno hilo halijumuishi kungoja. Kwa sheria ya kazi tunapata msaada zaidi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na inataka saa za kazi ziandikwe katika masharti ya ajira. Amri ya Jumla ya Mishahara, ambayo hutumika pale ambapo sekta haina amri yake maalumu, inaweka wiki ya kawaida ya kazi kuwa saa 52 zilizogawanywa katika siku sita. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na zile za siku ya mapumziko mara mbili.

Tuirudishe siku ya mfano wetu katika kipimo hicho. Saa 17 mara tatu ni saa 51. Siku tatu za namna hiyo zinabakiza saa moja tu katika wiki nzima ya kazi. Lakini tukiziondoa saa za kungoja, siku hizo tatu zinaonekana kuwa saa 31 na nusu, na dereva anaonekana kama mtu ambaye bado hajafanya kazi ya kutosha. Madereva wengi, zaidi ya hayo, hulipwa kwa safari. Saa za foleni hazimletei senti yoyote, ilhali zinamla nguvu na kumla usiku.

Ulimwenguni tatizo hili limejadiliwa kwa muda mrefu. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake nambari 153 mwaka 1979 kuhusu saa za kazi na mapumziko katika usafiri wa barabara. Mkataba huo unataka dereva asiendeshe kwa zaidi ya muda wa saa 4 mfululizo bila kusimama kupumzika, asizidishe saa 9 za kuendesha kwa siku wala 48 kwa wiki, apate saa 10 mfululizo za mapumziko kwa siku, na awe na daftari lake binafsi la kuandikia saa. Ni nchi chache tu zilizouridhia. Lakini ndani yake kuna wazo linalotuhusu hasa: kwamba muda ambao dereva anakaa tu tayari, akiwa hana uhuru wa kuutumia apendavyo, waweza kuhesabiwa kuwa muda wa kazi kwa kiasi kitakachowekwa na kila nchi.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, malori makubwa hufungwa kifaa kiitwacho takografu, kinachoandika saa za dereva kwa alama nne. Usukani ni kuendesha. Nyundo mbili zilizopishana ni kazi nyingine, kama kupakia na kukagua. Kisanduku chenye mstari wa kukingama ni kuwa tayari, yaani kungoja. Kitanda ni kupumzika. Baada ya saa nne na nusu za usukani, dereva wa huko hupumzika kwa dakika 45, nazo aweza kuzigawa kuwa 15 kwanza na 30 baadaye. Na kuhusu kungoja wameweka tofauti yenye hekima: dereva akiambiwa mapema kwamba atangoja kwa muda wa saa tatu, aweza kuandika kisanduku, lakini akiwekwa tu kwenye foleni bila kujua ataitwa lini, muda huo ni kazi.

Hatusemi kwamba Kenya inapaswa kunakili kila jambo la Ulaya. Tunasema kwamba kipimo hicho chaeleweka na mtu yeyote. Jiulize: je, mtu huyu alijua angeitwa lini? Je, aliweza kuondoka, kufunga macho, kuvua viatu? Kama jibu ni hapana, basi hakupumzika.

Mwili hausomi karatasi

Baadhi ya watu hudhani kwamba kukaa ni kupumzika, kwa kuwa miguu haitembei. Mwili hauhesabu hivyo. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa muda wa saa 17 hadi 19 hupungukiwa na wepesi wa akili na mikono sawa na mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu yake, au hata zaidi. Dereva asiyewahi kuonja ulevi maishani mwake aweza, kwa kukosa usingizi tu, kuendesha kama mlevi. Ukirudi kwenye mfano wetu, dereva wetu alifikisha saa hizo 17 hapo Mtito Andei, bila kuhesabu muda aliotumia kuamka na kutoka nyumbani.

Tena mwili una saa zake za kulegea. Usingizi huvuta kwa nguvu zaidi kuanzia saa 8 usiku hadi saa 12 alfajiri, na mara ya pili alasiri. Ni saa zile zile ambazo lori lililolazimishwa kumalizia safari huwa kwenye giza baina ya Mtito Andei, Voi na Mariakani. Miraa ya Meru na muguka wa Embu, vilivyojaa barabarani, humwondolea mtu hisia ya usingizi kwa muda. Deni lenyewe la usingizi hubaki pale pale, na hulipwa kwa ghafla.

Barabara za Mlima Kenya nazo hazina msamaha. Wasomaji wetu watakumbuka ajali ya Daraja la Nithi ya Julai 2022, ambapo basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba uchovu ndio uliosababisha msiba huo. Tunasema kwamba kwenye miteremko kama ile, na katika ukungu wa Julai unaofunika Nyeri na Karatina, dereva anahitaji kila chembe ya uangalifu aliyo nayo. Asiporuhusiwa kulala, tumempokonya silaha hiyo.

Mzigo una saa, dereva hana

Jambo la kushangaza ni kwamba saa za mzigo hupimwa kwa uangalifu mkubwa. Kontena likichelewa kurudishwa, kampuni ya meli hutoza malipo kwa kila siku inayopita. Mamlaka ya Ushoroba wa Kaskazini, yenye makao yake hapa Mombasa, huchapisha ripoti zinazoonyesha malori yamechukua muda gani kutoka bandarini hadi mipakani, na muda gani kwenye mizani. Malori mengi yana kifaa cha kufuatilia mwendo, na tajiri akiwa kitandani mwake aona kwenye simu ni wapi lori limesimama na kwa dakika ngapi.

Lakini kifaa hicho kinaona lori tu. Lori likisimama, kinaandika "limesimama". Hakijui kama dereva amelala kitandani mwa nyumba ya wageni au amesimama juani akihesabu magunia. Januari 2022, malori yalipojipanga kwa kilomita nyingi kuelekea mpaka wa Malaba kwa sababu ya masharti ya vipimo vya korona, kwenye kifaa yalikuwa yamesimama tu. Waliokuwa ndani walikuwa wakilala kwa zamu wakilinda mafuta na mzigo, wakitafuta maji na choo.

Ndiyo maana tunasema: maadamu hakuna anayemwandikia dereva saa zake, ni lazima aziandike mwenyewe, nasi tumsaidie.

Daftari la nyumbani

Haja hii si ya usalama peke yake, ni ya haki pia. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, katika uamuzi wake mmoja wa 2016, ilieleza kwamba ijapokuwa mwajiri ndiye mtunzaji wa kumbukumbu za kazi, mfanyakazi anayedai malipo ya saa za ziada ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba alizifanya. Kusema mbele ya hakimu "nilikuwa nikingoja usiku kucha" hakutoshi. Hakimu atauliza: usiku upi, wapi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi?

Jibu la swali hilo laweza kuwemo katika daftari la shule la kawaida, nasi twapendekeza litunzwe nyumbani. Ukurasa mmoja kwa siku watosha. Uwe na safu nne, kama zile alama nne: kuendesha, kazi nyingine, kungoja, kupumzika. Kila safu iwe na saa ya kuanza, saa ya kumaliza na jina la mahali. Kwenye safu ya kungoja iongezwe sababu kwa maneno mawili au matatu: "foleni ya kupakia", "mizani", "mwenye ghala hajafika", "mvua, hakuna wapakuzi".

Dereva si lazima aandike akiwa njiani. Akifika langoni atume ujumbe mfupi nyumbani: "Nimefika, saa 12 na nusu." Akiitwa kupakia, atume mwingine. Simu yenyewe huweka tarehe na saa, na ujumbe huo huwa ushahidi. Mke, binti au mama aliye nyumbani huunakili katika daftari jioni. Risiti ya mizani huwa na saa; karatasi ya lango huwa na saa; hati ya kupokelea mzigo yafaa itiwe saa ya kufika na saa ya kumaliza kupakua, pamoja na sahihi ya aliyepokea. Zote zipigwe picha kabla hazijakabidhiwa kwa tajiri, kwa kuwa zikishaingia kwake huenda zisionekane tena.

Mwisho wa mwezi, safu zijumlishwe. Hesabu hiyo kwanza ipelekwe kwa tajiri kwa adabu, kwa maana wapo matajiri wengi ambao hawajapata kuona ukweli wa foleni ukiwa katika tarakimu. Aghalabu mtu akiona kwamba lori lake limepoteza saa 60 kwa mwezi langoni pamoja na dereva wake, yeye mwenyewe huenda kuzungumza na wenye ghala. Pasipopatikana suluhu, afisa wa kazi wa kaunti yuko, na Mahakama ya Ajira inakaa Nyeri na Mombasa pia. Lakini tusichelewe: madai ya kazi yana kikomo cha miaka mitatu.

Kuandika mambo ya haki si ugomvi wala si kukosa imani na mtu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kulishuhudisha. Saa ya kazi isiyolipwa ni deni kama madeni mengine.

Kituo kinachohesabika

Kuhusu mapumziko, familia zetu zina msaada ambao tayari umo katika desturi yetu. Sala humsimamisha msafiri. Msafiri amerahisishiwa kupunguza sala, na kwa madhehebu ya Shafi, wanayoyafuata wengi wa watu wa Pwani, kuzijumuisha pia. Kituo cha adhuhuri na alasiri, na kingine cha magharibi na isha, pamoja na chakula, chaweza kupangwa kiwe nusu saa au dakika 45 za kupumzika kweli. Tajiri anayeona vituo hivyo kuwa upotevu wa wakati akumbuke kwamba hata sheria za wasioswali zimeona haja ya kumsimamisha dereva baada ya saa nne au nne na nusu.

Lakini nasi tuwe wakweli. Kusali kwa dakika kumi huku jicho moja likilinda turubai si mapumziko. Kula mkate ukiwa kwenye foleni ya mizani si mapumziko. Ndiyo maana utingo aandikiwe zamu, ili mmoja alale wakati mwingine analinda. Na katika mwezi wa Ramadhani, ambapo daku hukata usiku wa dereva vipande viwili, saa za kuanza safari zafaa zipangwe upya kabla ya mwezi kuandama.

Sisi wenye kupokea

Ni rahisi kuwalaumu wenye viwanda na wenye malori. Lakini nani anayemngojesha dereva akishafika Mombasa? Mara nyingi ni sisi. Katika soko la Kongowea na katika maghala ya mitaani, lori la viazi lililosafiri usiku mbili hukuta mwenye mzigo bado yuko nyumbani, wapakuzi wakibishania bei, na nafasi ya kuegesha imezibwa. Wengi wa wafanyabiashara wa soko hilo ni akina mama. Wengine wetu tuna lori moja la familia, nasi ndio matajiri wanaopiga simu usiku.

Basi yako mambo machache yaliyo mikononi mwetu. Tunapoagiza mzigo kutoka Karatina au Meru, tusidai ufike alfajiri ya siku ya pili bila kwanza kuuliza umepakiwa saa ngapi. Tuwape madereva saa maalumu ya kupakua, nasi tuitimize. Likichelewa zamu yake, dereva aambiwe atangoja kwa muda gani, ili aweze kulala. Aonyeshwe mahali pa kukaa, maji na choo. Ni ukarimu wa kawaida tunaomfanyia mgeni yeyote anayebisha hodi. Wenye lori la familia wamlipe dereva saa za kungoja, hata kama ni kwa kiwango mlichoafikiana, na wasimpigie simu akiwa kwenye mwendo. Nasi wake na mama, badala ya kuuliza "utafika lini?", tuulize kwanza "umelala saa ngapi?" Swali la pili humpa ruhusa ya kusimama.

Hakuna lolote katika haya linalohitaji sheria mpya, ingawa sheria itakayotaja muda wa kungoja kwa jina lake tungeipokea kwa mikono miwili. Tuanze na lililo jepesi. Lori litakalofika mlangoni kwako juma hili, toa kalamu uandike katika hati yake saa lilipofika, kabla hujauliza lolote kuhusu mzigo.